Mpeni bodaboda sehemu yake barabarani, kisha mdaini nidhamu

Jana asubuhi kwenye Old Kent Road, foleni imesimama, mvua ile ya hapa ya kudondoka kutwa nzima, dereva wa kigari cha mafundi alinitazama kwenye saitimira, akasogea kushoto kidogo, nikapita. Sikumpigia honi wala sikumwomba. Nilinyanyua mkono kumshukuru, yeye akaendelea kunywa chai yake. Hapa London ni jambo la kila siku. Lakini jana nilifika kazini nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya London. Ilikuwa ya nyumbani Dar es Salaam, ya Tazara na ya Mbagala Rangi Tatu.

Mnaopita Tazara saa moja asubuhi mnanielewa. Mwenye gari dogo akiona pikipiki inakuja kwenye kioo, anabana. Hana pa kwenda, mbele yake kuna lori, kushoto kuna daladala, lakini anaziba ule upenyo ili tu "huyu bodaboda" asimtangulie. Bodaboda naye anapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, anamkosakosa mama mwenye beseni, na gari zima linasema: mnaona hawa watu walivyo wahuni! Nimekaa miaka mingi nikisikia sentensi hiyo, nikiwa abiria na nikiwa mwenye kushika usukani, na sasa sikubaliani nayo hata kidogo.

Yule dereva wa jana si mtakatifu. Amefundishwa. Kitabu cha sheria za barabarani cha huku kinamwambia mwenye gari kwamba kwenye foleni ategemee pikipiki kupita katikati ya mistari. Kupenya polepole katikati ya magari yaliyosimama ni halali, si ujanja wa mtu. Halafu kuna njia za mabasi. Jiji lilianza majaribio mwaka 2009, na tangu Januari 2012 pikipiki zimeruhusiwa moja kwa moja kwenye sehemu kubwa ya njia za mabasi za barabara kuu zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri ya jiji, zile zenye mistari myekundu pembeni. Ukiingia kwenye barabara za halmashauri mambo hubadilika, mtaa huu ruksa, mtaa wa pili marufuku, na kamera ya faini haina mswalie Mtume. Unachofanya ni kusoma kibao. Kina picha ya pikipiki, pita. Hakina, kaa kwenye foleni na wenzako. Na ile tozo ya magari kuingia katikati ya jiji, iliyoanza 2003, pikipiki haijawahi kuilipa, kwa sababu walielewa mapema kwamba mtu mmoja juu ya pikipiki ni gari moja limepungua kwenye foleni.

Sasa rudini kwetu. Pikipiki zimejaa, zinabeba nusu ya mahangaiko ya jiji, lakini niambieni, kisheria na kwenye lami, sehemu yake ni ipi? Njia ya mabasi ya mwendokasi bodaboda akiingia anakamatwa, na hapo trafiki wako sahihi, yale mabasi yanakuja kwa kasi na vituo viko katikati ya barabara, nimeshaona kilichompata mtu pale na sitaki kukisimulia. Njia ya magari anabanwa. Njia ya waenda kwa miguu si yake. Mjini kati mara amezuiwa, mara ameruhusiwa, mara amezuiwa tena. Asiye na mahali pake hupita kila mahali. Halafu tunashangaa.

Angalieni vioo. Nendeni kijiwe chochote, Kimara, Buguruni, Tegeta, mhesabu pikipiki zenye saitimira zote mbili. Nyingi zimefunguliwa, zilizobaki zimegeuzwa ndani zinamtazama dereva kifuani. Watu wanasema vijana hawajali. Kijana anafungua kioo kwa sababu kikigusa daladala atapigwa, na upenyo alioachiwa hautoshi pikipiki yenye vioo. Nafasi tuliyomnyima ndiyo iliyomtoa macho ya nyuma.

Mwalimu wangu huku alinisumbua na jambo moja kuliko yote: kabla ya kuhama mstari geuza shingo mpaka kidevu kiguse bega, hata kama una vioo viwili vizima. Nikisahau ananisimamisha, tunarudia. Ni mafunzo ya lazima, yalianza 1990, kwa kawaida yanachukua siku nzima. Kwanza uwanjani mnazunguka koni, kisha angalau saa mbili barabarani, mwalimu yuko nyuma yako anakusemesha sikioni kwa redio. Ukimridhisha unapata cheti cha miaka 2, unaendesha pikipiki isiyozidi 125 cc, herufi L nyekundu mbele na nyuma, na abiria huruhusiwi kubeba mpaka upate leseni kamili.

Mpwa wangu yeye alijifunza kwenye uwanja wa shule ya msingi, jioni moja, kwa pikipiki ya rafiki, mafuta kanunua mwenyewe. Kesho yake asubuhi alimpakia mama na mtoto mgongoni. Kinachokuja mwisho kabisa huku, kubebeshwa roho ya mtu mwingine, kwetu ndicho cha kwanza.

Najua mnachotaka kusema. Ameshapanda ndege, sasa anatuona washamba. Jamani, ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kijiweni. Kaka yangu aliendesha pikipiki ya mkataba, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kilichobaki ndicho kilichonunua daftari zangu. Ninapowatetea bodaboda natetea mkono ulionilisha. Mwenye dharau ni yule anayemwita mhuni asubuhi na usiku wa manane, mke ameshikwa na uchungu, anampigia simu huyohuyo.

Na kama ni ufundi, hakuna mwendesha pikipiki wa London ninayemvulia kofia kuliko vijana wetu. Huku wana makoti ya laki kadhaa na buti za ngozi. Wapelekeni Jangwani maji yamejaa, au wapandisheni kilima cha mchanga na mtungi wa gesi nyuma, godoro juu yake, na abiria anayeshika simu kwa mikono miwili. Kaka yangu klachi ikikatika njiani anaifunga waya na anafika. Hapa pikipiki ikizima wanapiga simu, wanasubiri pembeni. Hata usalama wenyewe huku una kasoro zake. Wezi wanatembea na grainda mchana kweupe, wanakata mnyororo huku watu wanatazama, na bima inapanda kwa sababu yao. Siwauzii pepo.

Mwingine atasema, wenzetu wana barabara pana. Hapana. Old Kent Road inafuata njia iliyotumika tangu enzi za Warumi, na Barabara ya Nyerere ni pana kuiliko sehemu nyingi. Atasema wana sheria. Sheria yetu ya usalama barabarani ni ya 1973, na mwaka huohuo ndio Uingereza ilipowalazimisha waendesha pikipiki wote kuvaa helmeti. Tulianza pamoja. Atasema basi ni damu, Mzungu ana nidhamu na Mswahili hana. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni uongo na tunausema wenyewe.

Njooni mwone vijana wa kupeleka chakula hapa London. Pikipiki ndogo, sanduku kubwa nyuma, herufi L bado iko, simu imefungwa kwenye usukani. Wengi wao ni wahamiaji kama mimi, na Waingereza wamo pia. Wanalipwa kwa oda, si kwa saa. Basi wanakatiza taa nyekundu, wanapanda njia ya waenda kwa miguu, wanapita upande usio wao. Wakiwa na haraka ya kulipwa wanakuwa bodaboda wa Buguruni kabisa, mvua na baridi ni juu yao tu. Wale wale, siku ya mapumziko, hawana oda, wanaendesha kwa adabu kama mimi. Nimewaona, wengine nafanya nao kazi. Hesabu ya tajiri ndiyo inayokanyaga mafuta. Anayedaiwa elfu kumi kila jioni hawezi kusubiri taa nyekundu kama anayelipwa mwisho wa mwezi, awe mweusi au mweupe.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia semina. Kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama inafika, bodaboda wanapangwa juani, wanagawiwa vizibao vya kung'aa, mgeni rasmi anawaambia waache mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, picha zinapigwa. Jumatatu wanarudi kwenye barabara ileile isiyowatambua. Anayetaka kujua tunalipa nini kwa hilo aende MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, awaone vijana wenye vyuma miguuni, wenye umri wa kujenga nyumba.

Halafu kuna mwenzangu aliyeniandikia: kama unajua sana, rudi ufanye. Ndugu yangu, kaka bado yuko kijiweni, mpwa wangu naye. Nikija likizo ninaendesha pikipiki hiyohiyo kwenye barabara hiyohiyo, na hela ya helmeti ya abiria niliituma mimi, ile ya pili ambayo abiria wanakataa kuivaa kwa sababu ya nywele na jasho la wenzao. Nina haki ya kusema kama wewe. Kukaa mbali hakujanifuta kwenye orodha ya watakaopigiwa simu mmoja wao akianguka.

Ninachoomba si anasa. Mstari wa rangi kwenye njia ya pembeni, wenye alama ya pikipiki, pale tu foleni inapokaba. Sehemu ya kusimama mbele ya taa ili waondoke kwanza, wasigombane na malori. Leseni ya abiria iwe tofauti na leseni ya kuendesha peke yako, na muda wa kungoja katikati. Mikataba ya pikipiki iandikwe na ikaguliwe, hesabu isipande tajiri akijisikia. Na mwenye gari naye afundishwe na atahiniwe kuhusu pikipiki kabla hajapewa leseni yake, maana anayebana mwenzake barabarani naye ni mkosaji.

Barabara za mwendokasi zinaongezwa, ya kwenda Gongo la Mboto, ya kwenda Tegeta. Kila mchoro una njia ya basi, ya gari na ya mguu. Mbunge wenu akija kuomba kura au kukagua mradi, msimuulize lini utaisha. Muulizeni pikipiki imechorewa wapi, na asiondoke bila kuionyesha kwa kidole.