Sheria Tunayo, Mkaguzi Ndiye Hatumwoni

Juzi meneja wangu hapa Leipzig, Ujerumani, alininyima zamu. Nilikuwa nimetoka kazini saa nne usiku, mwenzangu akaugua, nikajitolea kuingia saa kumi na mbili asubuhi. Hela ya ziada nilishaipigia hesabu, karo ya mdogo wangu. Akatazama ratiba, akakataa katakata. Kati ya zamu na zamu sheria inataka masaa 11 ya mapumziko. Kwetu tunaotunza wazee yanaweza kushuka hadi 10 yakifidiwa baadaye, lakini 8 hayakubaliki. Nikamwambia sijachoka. Akasema faini ni ya mwajiri, si yangu, na inaweza kufika euro 30,000.

Niliudhika njia nzima. Halafu nikamkumbuka kaka yangu, soja wa geti huko kwetu Kenya, Kisumu, jioni hadi asubuhi, siku saba. Wa mchana asipotokea, anaunganisha. Huko mwenye kuogopa ni yeye.

Najua mtakachosema: "Ameonja theluji, sasa anatudharau." Hapana jamani. Sheria yetu si mbovu hata kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka. Mjerumani wa kazi ya siku tano kwa wiki, kisheria hapungukiwi 20. Likizo ya uzazi kwetu, miezi mitatu. Hata kibarua amekumbukwa: akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, kifungu cha 37 kinamtoa kwenye ukibarua. Waajiri wanakijua kifungu hicho kuliko sisi. Binamu yangu, kwenye ghala moja mjini, kila mwisho wa mwezi anasainishwa karatasi kwamba ameacha kazi, anakaa nyumbani siku mbili, anaitwa tena. Miaka inakatika hivyo.

Huku wanaokagua kima cha chini cha mshahara ni watu wa forodha. Wanaingia bila miadi, wanataka kuona rekodi ya masaa. Kupunja wafanyakazi kunaweza kumgharimu mwajiri hadi euro 500,000. Kwetu afisa wa kazi yupo na ofisi anayo, ila kibarua ndiye wa kumfuata, kwa nauli yake, siku ambayo hatalipwa, na kumi wamesimama getini wakiingojea nafasi yake.

"Kazi zenyewe haziko, wewe unatuletea likizo!" Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini Wajerumani nao walitishwa kwamba kazi zitapotea, kabla kima cha chini hakijaanza 2015 kwa euro 8.50 kwa saa. Mwaka huu wa 2026 ni 13.90, na bado wanatafuta watu hadi Kenya. (Kodi yao sitaigusa, nitalia.)

Na wewe utakayeniita mzungu mweusi: dada wako wa kazi naye analindwa na sheria hiyohiyo, siku moja ya kupumzika katika kila saba. Jumapili iliyopita alipumzika, au alikuwa jikoni akiosha sahani za wageni wako?