Mahari, Pilipili na Panya Buku

Mashimo yalianza chini ya mpapai, yakasogea kwenye ukoka, na kila kukicha kulikuwa na jipya. Hapa kwetu Morogoro ukoka ule ni mali. Mke wangu aliupandikiza kishina kwa kishina, na mtoto akiupitia na baiskeli anajua chakula cha jioni atakila kwa jirani. Isitoshe, mdogo wake mke wangu alikuwa ameshachumbiwa, na wageni wa kuleta mahari wangekaa hapohapo uani, juu ya ukoka huo.

Kila aliyepita getini alikuwa na mtuhumiwa wake. Mama wa genge alisema ni fuko. Lakini fuko hurundika kifusi juu kisha akaziba mlango wake. Haya yetu yalikuwa wazi, mkono unaingia mpaka kiwiko. Mlinzi wa jirani aliapa ni nungunungu. Nikakagua: hakuna mwiba hata mmoja, na mihogo ya nyuma ya banda imesimama salama. Nungunungu gani anayepita kwenye mihogo bila kusalimia? Nguchiro nao huja mchana, kundi zima, wakachokoa vishimo vidogo vya kutafutia wadudu. Baba mkwe yeye alisema ni wanga. Hilo sikulikagua.

Jioni nikaziba mashimo kwa nyasi kavu, asubuhi nikakuta zimesukumwa nje. Kumbe mwenye nyumba yumo. Usiku uliofuata nikanyunyiza unga pale mlangoni ili nisome nyayo. Nikazisoma kweli: kandambili za mke wangu, namba sita, aliyetoka gizani kuona ni nani anayemwaga sembe yake. Ila pembeni ya kandambili kulikuwa na vidole vidogo vilivyotawanyika, na mchirizi wa mkia.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba Asha, huyu ni buku."

Panya buku! Mnyama wa kilo moja na ushei, ana mifuko mashavuni ya kubebea vitu, na mkia wake mrefu mweupe kuanzia katikati hadi ncha. Nikamwambia nakwenda kununua sumu. Mzee alinitazama utadhani nimetaja kumuua mwanawe. Akaanza: hawa ndio wanaofundishwa hapo SUA na shirika la APOPO, wananusa mabomu ya ardhini, wananusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitoka hapahapa Morogoro akaenda Kambodia, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la Waingereza la PDSA. "Wewe una medali gani?"

Sikuwa nayo. Tukakubaliana afukuzwe kistaarabu: mapapai yaliyoanguka yaokotwe, pumba za kuku zifunikwe, na shimoni upigwe moshi wa pilipili ili ahame kwa hiari yake. Moshi nilimkabidhi kijana wetu wa bustani. Nilimwambia, "Wageni wakishakaa, sitaki kumwona huyo mnyama."

Siku ikafika. Turubai, viti vya plastiki, wazee wa kanzu upande huu na shangazi zetu upande ule. Sinia la mahari likawekwa mezani, bahasha ikiwa chini ya kitambaa. Mshenga akasimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza: "Tulikuwa tunapita njia, tukaona katika bustani yenu ua limechanua..."

Nyuma ya mpapai, kijana wetu alikuwa amechuchumaa na sufuria kuukuu lenye samadi kavu na pilipili kichaa, anapepea kwa ungo. Wageni wamekaa; yeye anatekeleza.

Sasa, buku hana mlango mmoja. Mlango wake wa uani ulikuwa chini ya kiti cha mshenga.

"...ua lenye harufu..." akasema, akanyamaza. Kanzu ikaanza kutuna kuanzia chini, moshi ukamtokea kwenye ukosi. Akakohoa, wakakohoa wa mstari wa kwanza, baba mkwe akapiga chafya na kofia ikaruka. Mwalimu mstaafu, machozi yakimtiririka, akanong'ona kwamba kwa makohozi haya panya wa SUA wangepata kazi ya wiki nzima. Hapo ndipo mwenyewe alipochomoka, mashavu yamejaa, akapita juu ya kiatu cha mjomba wa bwana harusi, akakata kushoto kwenye michongoma. Wazee ambao asubuhi walishikwa mkono kushuka garini walikuwa wamesimama juu ya viti.

Moshi ulipopungua, bahasha haikuwepo.

Hakuna aliyesema neno. Upande wetu ukatazama upande wao, na wao wakatutazama. Kijana wa bustani ndiye aliyeokoa undugu: "Buku anaiba, anaficha shimoni."

Likaletwa jembe, likaletwa sururu, mjomba akakunja kanzu, na koo mbili zikaanza kuchimba. Buku kwa wiki zote hizo hakuugusa ukoka ule hata robo ya walivyouchimba wakwe. Chini tukakuta ghala: kokwa za maembe, vifuniko vya soda, ufunguo wa kabati, hereni moja, na kijiko cha chai ambacho mama watoto alishanisuta kwamba nilikisahau kwenye hitima. Nilikipangusa, nikakiweka juu ya meza mbele yake, polepole. Bahasha hakuna.

Mshenga akaingiza mkono mfukoni atoe leso ajifute jasho. Ikatoka bahasha. Alikuwa ameinyakua ili kuinusuru na moshi.

Shangazi alikuwa na karatasi ya mahari. Akatazama mahandaki, akachukua kalamu, na chini ya mkaja na kilemba akaandika: fidia ya ukoka.

"Tutalipa," mshenga akasema, macho bado mekundu, "ila mtoe kwanza ya kifua changu."

Wakavutana mpaka biryani ikapoa. Mwishowe ukoka ukagawanywa nusu kwa nusu, na pilipili ikaandikwa kuwa ni mchango wa upande wetu.