Mgao Ukikatwa Kakuma, Mturkana Naye Analala Njaa

Asubuhi na mapema, kabla jua la Turkana halijakuwa kali, akina mama huvuka mto Tarach wakiwa na magunia ya makaa kichwani. Mara nyingi huo mto ni mchanga mtupu. Wanaelekea kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na huko wanapiga hodi nyumba kwa nyumba. Wengi hawalipwi pesa. Wanapimiwa mtama au mahindi kwa kopo, kutoka kwa mgao wa mkimbizi.

Mama mmoja niliyeandamana naye aliuza gunia zima kwa makopo machache ya mtama. Aliumimina kwenye shuka, akakaza fundo kwa meno, akaanza safari ya kurudi bomani. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha watoto wake siku hiyo.

Kwa hivyo mwaka 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua, mimi nilimwazia yeye. Wakimbizi waliumia, na ni haki kilio chao kilisikika. Lakini asiye na unga wa kupika atanunua makaa ya nini? Atamlipa muuzaji kwa nini? Mama wa Kiturkana hana kadi ya mgao, wala jina lake haliko kwenye orodha yoyote inayopunguzwa. Njaa yake haikuandikwa popote.

Wale wanaopiga kelele kwamba kambi ifungwe wakimbizi warudi kwao, nadhani hawajawahi kufika huko. Kambi ilianza mwaka 1992, ikiwapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia, kisha Kenya, wakikimbia vita. Vita vilipozuka tena Sudan Kusini Desemba 2013, maelfu wengine wakaja. Kuna watu waliozaliwa Kakuma ambao sasa ni wazazi. Wenyeji nao hutibiwa katika zahanati za kambini, na watoto wao husoma darasa moja na watoto wa wakimbizi. Ugomvi upo, hasa wa kuni na maji, na umewahi kumwaga damu. Hata hivyo, siku inayofuata makaa yanauzwa.

Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, ilipofunguliwa mwaka 2016, tuliambiwa mgeni na mwenyeji wataishi pamoja na kutumia huduma zilezile. Wazo hilo nalipenda hadi leo. Sasa umekuja mpango wa serikali ya Kenya uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wa kugeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Nauunga mkono, ila kuna jambo sitaki lipitwe. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii, na ile isiyosajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoziwezesha jamii kusajili ardhi yao, imekuwepo tangu 2016. Jamii zisajiliwe kwanza, ndipo tuzungumze viwanja, ukodishaji na wawekezaji.

Na mabaraza ya kujadili hayo yasiishie kwenye hoteli za Lodwar. Yafanyike Kakuma, chini ya mti, jua likiwa limeinuka na akina mama wamesharudi kutoka kambini. Wao wanazijua nyumba za huko mlango kwa mlango. Wanajua nani amekosa unga wiki hii, kwa sababu ndiye aliyewaambia warudi na gunia lao.