Kesi ya Mjomba Imesimama, na Hakimu Hakukosea

Kifungu cha 17 nilikichapa mimi. Mjomba alikuja ofisini kwetu na bahasha ya kaki, akasema kuna kampuni imekubali ajenge ghala la korosho huko njia ya Masasi na mkataba unatakiwa kesho yake. Nikafungua faili la mkataba wa zamani kwenye kompyuta, nikabadilisha majina, kiasi na tarehe. Kifungu cha 17 sikukigusa. Kilisema mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi watatu, yaani watu wanaoteuliwa kuamua badala ya mahakama, na watakaa Dar es Salaam. Mjomba alitia saini bila kukisoma, na mimi niliyekichapa sikumsomea.

Ghala likajengwa. Bati zikapigwa, sakafu ikamwagwa zege, msimu ulipofunguliwa magunia yakaingia. Malipo ya mwisho, shilingi milioni 34, hayakuingia. Simu zikawa hazipokelewi. Mjomba akafungua kesi hapa Mtwara.

Wakili wa kampuni hakujibu madai hata kidogo. Hakusema wanadaiwa, hakusema hawadaiwi. Alileta ombi moja tu: shauri lisimame, kwa kuwa mkataba unataka usuluhishi kwanza. Hakimu alisikiliza pande zote mbili, akakubali. Tulipotoka nje mjomba alikaa kwenye ngazi, akavua kofia. "Mjomba," aliniita, kama ninavyomwita yeye, "hawa wamenidhulumu mara ya pili."

Nilimwambia hapana, na nitalirudia hapa kwa sababu wengi huku kwetu wanaamini kama yeye. Hakimu hakukosea. Makubaliano ya kwenda kwa msuluhishi ni sehemu ya mkataba uleule ambao mjomba anaudai umpe milioni 34. Hatuwezi kushika ukurasa wa malipo na kuchana ukurasa wa mgogoro. Tena kesi haikufutwa, ilisimamishwa. Jalada liko masjala na namba yake ileile. Ingefutwa, na usuluhishi ukakwama baadaye, angelipa ada upya na kuanza moja, huku ile miaka 6 ya kudai haki ya mkataba ikizidi kwenda. Ndiyo maana huwa naumia nikiona wakili anakimbilia pingamizi la awali akitaka kesi itupwe nje kwa sababu ya kifungu cha usuluhishi. Dawa yake ni ombi la kusimamisha, basi.

Na ombi hilo lina wakati wake. Mdaiwa anatakiwa alilete kabla hajajibu madai yenyewe. Nimewahi kubeba majalada ambayo mdaiwa ameshaleta utetezi wake wote, aya kwa aya, halafu miezi inapita ndipo anakumbuka kuna kifungu cha usuluhishi. Huyo asisikilizwe. Ameshaingia uwanjani na kucheza, hawezi kusema mechi ilikuwa ichezwe kwingine. Wadaiwa wa mjomba, kusema kweli, walifika kwa wakati.

Ninapoumia ni baada ya amri. Kampuni ilipata ilichotaka, ikanyamaza. Hakuna aliyeandika barua ya kuteua msuluhishi. Ilikuwa inautaka usuluhishi kwa nguvu zote mbele ya hakimu, na ilipotoka mlangoni ikawa haiujui. Sheria yetu ya zamani ya usuluhishi, ya mwaka 1931, ilimtaka anayeomba kesi isimame aonyeshe kwamba tangu mwanzo alikuwa tayari, na bado yuko tayari, kufanya yote yanayohitajika ili usuluhishi ufanyike. Sheria hiyo imeondoka, tunayo ya mwaka 2020. Lakini lile swali lilikuwa swali zuri. Ningependa kila hakimu aliulize: wewe unayeomba tusimame, umemteua nani, na lini? Kisha amri ya kusimamisha ibebe tarehe ya pande zote kurudi kueleza usuluhishi umefika wapi.

Lipo na jambo la fedha. Mkataba wa New York wa mwaka 1958, mkataba wa kimataifa kuhusu usuluhishi ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, unaitaka mahakama iwapeleke wahusika kwenye usuluhishi isipokuwa makubaliano yao ni batili, yameisha nguvu au hayatekelezeki. Mjomba akaniuliza: kama sina fedha, si ndiyo hayatekelezeki? Swali hilo liliwahi kufika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1981, katika kesi ya Paczy dhidi ya Haendler, na jibu likawa hapana. Umaskini wa upande mmoja hauvunji makubaliano. Jibu hilo ni kali lakini naliona sahihi, maana vinginevyo kila kifungu kingekufa siku mtu anapofilisika. Ila hebu tazama hesabu ya mjomba. Hakimu halipwi na mdai; wasuluhishi wanalipwa na wanaogombana. Wasuluhishi watatu ni ada tatu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kila kikao ni nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula, na nauli ya fundi wake mkuu ambaye ndiye shahidi. Kwa mradi wa gesi wa mabilioni hilo si neno. Kwa ghala moja, deni linaliwa njiani kabla halijalipwa.

Wala hakuna sheria iliyotulazimisha kuandika hivyo. Wahusika wana uhuru wa kukubaliana wasuluhishi wawe wangapi, wakae wapi na watumie lugha gani. Kifungu kile kilitoka kwenye mkataba wa watu wengine wenye shughuli nyingine, mimi nikakihamishia kwa mjomba wangu.

Juzi tumeandika barua kwa kampuni, tukipendekeza msuluhishi mmoja, vikao Mtwara mjini, kwa Kiswahili. Wana siku 14 za kujibu. Wakinyamaza, barua hiyo pamoja na muhuri wao wa kupokea vitarudi mbele ya hakimu yuleyule. Na lile faili la zamani kwenye kompyuta ya ofisi nimelifungua tena. Kifungu cha 17 sasa kina mistari sita, na kabla mteja hajashika kalamu namsomea wote kwa sauti.