Kanuni za akili mnemba: Geneva mbali, Arusha karibu

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Watu wengi wa Dar es Salaam hawakuhitaji kuelezwa sababu. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi kwenye simu, unakubali kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa, na hela inaingia kwenye laini muda si mrefu. Ukichelewa kurejesha, ujumbe hauji kwako peke yako. Unakwenda kwa shemeji, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa bosi, na kwa yule mteja wa Kariakoo unayempelekea mzigo, wote wakiambiwa kwamba wewe ni tapeli na kwamba uliwaandika wao kuwa wadhamini.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mjadala wa mataifa kushirikiana kusimamia akili mnemba (AI) na teknolojia ya kidijitali huendeshwa kana kwamba ni wa mabalozi na wanasayansi tu, wakati swali lake gumu liko Mbagala. Programu inaweza kuandikwa nchi moja, seva zikawa nchi ya pili, na duka la kuipakulia likawa la kampuni ya California. Mdhibiti wa Dar amshike nani?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ukiisoma, mchezo wa kuchota namba za watu na kuzitumia kuwaaibisha hauna pa kujificha. Tatizo ni kwamba makali yake yanaishia Tunduma na Namanga. Ajabu ni kwamba pigo kubwa dhidi ya mchezo huo lilitoka kwingine kabisa: mwaka 2023 Google ilibadili masharti ya duka lake na kuzizuia programu za mikopo binafsi kusoma namba na picha zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Uamuzi wa kampuni moja ukagusa simu za dunia nzima, bila Bunge wala hati ya mkataba. Wakopeshaji wengine wakahamia kutuma viungo vya kupakulia programu nje ya duka, lakini hoja inabaki palepale. Kama kanuni haziandikwi na serikali kwa pamoja, zitaandikwa na mwenye duka, na mwenye duka anaweza kuzibadili kesho asubuhi.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka kanuni za dunia nzima, na naikubali. Wanaongeza kwamba Umoja wa Mataifa ndio ukumbi pekee ambamo sauti ya Tanzania kwenye kura ina uzito uleule wa sauti ya Marekani. Mkutano wa usalama wa akili mnemba uliofanyika Bletchley Park, Uingereza, Novemba 2023 ulitoa tamko la nchi 28 na Umoja wa Ulaya. Kutoka Afrika zilikuwamo Kenya, Nigeria na Rwanda. Sisi hatukuwamo. Agosti 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunda jopo huru la wanasayansi 40 kuhusu akili mnemba, pamoja na majadiliano ya nchi zote yaliyopangwa kufanyika Geneva 2026 na New York 2027. Hapo hakuna anayesubiri kadi ya mwaliko.

Lakini kuwa na kiti si sawa na kuwa na nguvu. Jopo lile litaandika ripoti. Halitoi amri, na masuala ya kijeshi hayamo katika kazi yake. Kwenye mkutano wa akili mnemba wa Paris, Februari 2025, Marekani na Uingereza zilikataa kutia saini tamko la mwisho, na Septemba mwaka huohuo Marekani ilisema waziwazi mbele ya Baraza la Usalama kwamba inakataa usimamizi wa akili mnemba unaoendeshwa na vyombo vya kimataifa. Kampuni kubwa za fani hii nyingi ziko Marekani. Umoja wa Ulaya ndio wenye sheria ya akili mnemba yenye meno, faini ikifika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani. Hata wao, Novemba 2025, Kamisheni yao ilipendekeza sehemu nzito za sheria hiyo zisogezwe mbele. Sasa mwambie kijana anayetengeneza programu Kijitonyama ajaze makaratasi ambayo Brussels yenyewe inayaonea mashaka. Kampuni kubwa ina mawakili wa kuyajaza. Yeye ana kompyuta na kifurushi cha intaneti.

Upande wa pili una hoja kali kuliko hiyo, ingawa inasemwa kwa sauti ya chini: serikali zikishirikiana, nani anamlinda raia dhidi ya serikali zenyewe? Tarehe 25 Oktoba 2025 Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao ulifunguliwa kutiwa saini jijini Hanoi. Siku nne baadaye, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania. Hayo ni matukio mawili yasiyohusiana, lakini mtu wa Dar anayaona kwenye kalenda moja.

Mkataba wa Hanoi ungemsaidia sana aliyetapeliwa, kwa sababu unazitaka nchi zipeane ushahidi wa kielektroniki haraka, saa ishirini na nne, siku zote za wiki. Ila ushahidi huo unaweza kuombwa kwa kosa lolote ambalo sheria ya nchi imeliwekea adhabu ya juu ya kifungo cha miaka minne au zaidi, liwe la mtandaoni au la. Sasa fungua Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao kama ilivyopitishwa 2015, kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo: faini, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kisichopungua: kikomo cha juu hakikuandikwa, kwa hiyo miaka minne inafikika. Mkataba una vifungu vya kulinda haki za binadamu, na nchi inaweza kukataa ombi linalolenga maoni ya kisiasa ya mtu. Hata hivyo atakayepima ombi hilo ni serikali nyingine, si mwandishi wa habari anayetafutwa.

Kwa hiyo nikiulizwa, sitachagua kati ya dunia nzima na kila mtu kwake. Geneva twende, tena na watu wanaoijua kazi, kwa sababu kuna jambo moja ambalo huko ndiko mahali pake: upimaji wa usalama wa mifumo hii katika lugha zetu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mwenye simu Tanzania anaujua ni wa kitapeli. Mashine iliyofunzwa zaidi kwa Kiingereza inaweza kuuona ni sentensi ya kawaida ya mtu anayedaiwa kodi. Jopo la wanasayansi linaweza kudai vipimo vya Kiswahili, na dai hilo halihitaji saini ya Washington.

Kwenye mikopo, utapeli na taarifa binafsi, nadhani meza yenye faida ya haraka iko Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ilipoanza kutoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali chini ya kanuni za 2022, Google iliwataka wenye programu za mikopo nchini humo waonyeshe leseni hiyo, la sivyo waondolewe dukani. Nchi moja iliyojipanga ilisikilizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Orodha moja ya leseni, inayosomwa na benki kuu zote na kupelekwa kwa wenye maduka ya programu, ingekuwa na uzito ambao orodha ya majina 69 ya nchi moja haina. Tena haigusi maneno ya mtu yeyote mtandaoni, na kwangu hiyo ni nusu ya uzuri wake.

Si kwamba Arusha mambo ni mteremko. Julai 2025 serikali yetu ilipiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogondogo, uwakala wa pesa kwa simu ukiwamo, na Nairobi ikalalamika kwamba soko la pamoja linavunjwa. Wanaogombania kibanda cha wakala hawatakubaliana kirahisi juu ya nani anaruhusiwa kukopesha kwa simu ng'ambo ya mpaka. Ila orodha ya leseni haihitaji mkataba mpya wala kuridhiwa na Bunge. Hati ya makubaliano kati ya magavana wa benki kuu inaweza kutosha, na Tanzania na Kenya zinaweza kuanza zenyewe, wengine wakajiunga wakiwa tayari.