Harold Shipman na saini iliyoaminiwa

Mwezi Machi 1998, Dk. Linda Reynolds, daktari wa familia katika mji wa Hyde karibu na Manchester, alimweleza ofisa wa kuchunguza vifo wa eneo lake jambo lililokuwa likimsumbua. Wagonjwa wa daktari jirani, Harold Shipman, walikuwa wakifa kwa wingi usioelezeka. Wengi wao walikuwa wanawake wazee. Walikutwa majumbani, wamevaa nguo zao za kutwa, wameketi kwenye viti, na mara nyingi daktari mwenyewe alikuwa ametoka kuwaona muda mfupi kabla. Hofu hiyo haikuwa ya Reynolds peke yake, kwani watu wa kampuni ya mazishi ya mji huo, ambao kwa kazi yao huona maiti nyingi kuliko daktari yeyote, walikuwa wameshaona mfanano huohuo na kuanza kuuzungumza. Polisi walichunguza kwa majuma machache, wakafunga jalada mwezi Aprili, na Shipman akaua watu wengine watatu kabla ya kukamatwa tarehe 7 Septemba mwaka huohuo.

Nimeanza na majuma hayo kwa makusudi. Simulizi nyingi kuhusu Shipman huanzia Nottingham, alikozaliwa tarehe 14 Januari 1946, na hukaa muda mrefu kando ya kitanda cha mama yake, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwezi Juni 1963 wakati kijana ana miaka 17. Daktari alikuwa akifika nyumbani kumchoma mama huyo sindano za mofini, maumivu yakatulia, na mtoto akawa anashuhudia. Kwa anayetafuta chanzo, picha hiyo inavutia mno: miaka mingi baadaye mtoto yule, sasa yeye ndiye mwenye mkoba na sindano, anakirudia kitendo kile kwa mamia ya akina mama. Mimi naona picha hiyo inatueleza kidogo sana. Watoto wengi wameuguza wazazi wao mpaka pumzi ya mwisho, wakaiona mofini ikifanya kazi yake, na hawakumdhuru mtu. Shipman mwenyewe hakukiri kosa, hakutoa sababu, na alijiua katika gereza la Wakefield tarehe 13 Januari 2004, siku moja kabla ya kutimiza miaka 58. Jaji Janet Smith, aliyeongoza tume ya uchunguzi na kuchapisha ripoti sita kati ya mwaka 2002 na 2005, hakupata nia moja inayoeleza mauaji yote. Tunachokijua kwa hakika ni karatasi alizotia saini, na ndani ya karatasi hizo mna mambo ya kutosha.

Kwa utaratibu wa Uingereza wa wakati huo, daktari aliyekuwa akimtibu marehemu ndiye aliyeandika sababu ya kifo, na iwapo yeye mwenyewe hakuona haja ya kumwarifu ofisa wa kuchunguza vifo, kwa kawaida hakuna aliyemwuliza zaidi. Maana yake ni kwamba mtu aliyemchoma mgonjwa sindano ya diamofini, dawa ambayo mitaani huitwa heroini, ndiye aliyeandika baadaye kwamba mgonjwa huyo amekufa kwa ugonjwa wa moyo, au kiharusi, au uzee tu. Familia ikichagua kuchoma maiti, jambo lililo la kawaida sana Uingereza ingawa kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ni geni, daktari wa pili alitakiwa kuthibitisha kwa fomu nyingine. Kinga hiyo ilikuwa nzuri kwenye maandishi. Kwa mazoea, daktari wa pili alizungumza na mwenzake, akaitazama maiti, akatia saini na kulipwa ada yake, bila kulazimika kusema neno na ndugu wa marehemu. Madaktari wa kliniki ya Reynolds walikuwa wamezitia saini fomu za Shipman kwa miaka kadhaa, hata pale ambapo kliniki yao, yenye wagonjwa takriban mara tatu ya wale wa Shipman, ilikuwa na vifo vichache kuliko yeye. Reynolds alikuwa amehamia Hyde mwaka 1996 tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Hyde mgeni alikuja na akasema aliloliona, lakini wenyeji hawakupona kwa sababu waliolisikia hawakulifuatilia mpaka mwisho.

Wanaoulaumu mfumo wana ushahidi mzito, na unaanza mapema. Mwaka 1975, akiwa daktari katika mji wa Todmorden, Shipman alibainika kughushi hati za kuchukulia dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya kutuliza maumivu, aliyokuwa akijichoma mwenyewe. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 600. Baraza Kuu la Madaktari lilimwandikia barua ya onyo na kumwacha aendelee na kazi, wala serikali haikumzuia kushika dawa za aina hiyo. Mwaka 1977 alianza kazi Hyde. Kwa kuwa alidai hatunzi dawa hizo kali kwenye kliniki yake, hakuna aliyekagua vitabu vyake, naye akazipata kwa kuandika hati kwa majina ya wagonjwa na kwa kukusanya mabaki kutoka nyumba za waliokufa kwa saratani. Tume ilibaini kwamba mwaka 1996 alichukua kwa mkupuo mmoja diamofini inayotosha kuua watu wapatao 360. Na hata Reynolds alipotoa taarifa, polisi hawakutazama kama daktari huyo aliwahi kutiwa hatiani, wala hawakuliuliza Baraza. Miili miwili ya wagonjwa wake ilikuwa bado kwenye nyumba ya mazishi siku hizo. Hakuna aliyeagiza ipimwe.

Upande wa pili nao una hoja ambazo si haki kuzipuuza, na nimezisikia zikisemwa kwa uchungu na madaktari waadilifu. Hoja yao kuu ni kwamba Shipman alikuwa muuaji aliyejificha ndani ya udaktari, na kwamba mifumo ya ukaguzi huwanasa wazembe, walevi na waliosahau masomo, lakini haimnasi mjanja anayeijua kazi yake. Hili ni kweli kwa kiasi kikubwa. Shipman alisifiwa kuwa daktari mzuri. Alikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, watu walisubiri nafasi ya kuandikishwa kwake, alikwenda kuwaona wazee majumbani wakati wenzake wengi walikuwa wakipunguza desturi hiyo, na wagonjwa walichanga fedha kununulia kliniki yake vifaa. Upimaji wa umahiri ambao madaktari wa Uingereza walianza kufanyiwa kuanzia mwisho wa mwaka 2012, kwa sehemu kutokana na kesi hii, yeye angeupita bila taabu, na kumbukumbu zake zingeonekana safi kuliko za wengi.

Wengine walitaka madaktari wanaofanya kazi peke yao wapigwe marufuku, kwa sababu Shipman alifungua kliniki yake binafsi katika Mtaa wa Market miaka ya mwanzo ya 1990. Hapa takwimu za tume zenyewe zinatutahadharisha. Kati ya watu 215 ambao tume ilithibitisha kwamba aliwaua, 71 walikufa alipokuwa bado katika Donneybrook, kliniki aliyoanzia kazi Hyde, akiwa na madaktari wenzake kwenye korido moja. Upweke ulimrahisishia kazi, lakini uwepo wa wenzake haukumzuia. Kuwafungia milango madaktari wa peke yao, ambao wazee wengi hupenda kutibiwa nao kwa kuwa huwajua kwa majina, kungekuwa kuwaadhibu wasiohusika.

Kisha ipo hoja ya kuhesabu vifo. Ni rahisi leo kusema kwamba mtu mmoja angekaa na kalamu akahesabu wangapi wanakufa kwa kila daktari, Shipman angejulikana mapema, na wataalamu wa takwimu wameonyesha kwamba kweli ingewezekana miaka mingi kabla ya 1998. Vifo vya wagonjwa wake vilirundikana saa za mchana, wakati wa ziara zake za majumbani, tofauti kabisa na vya madaktari wengine ambavyo vilitawanyika kutwa kucha. Lakini wataalamu haohao walipoijaribu njia hiyo kwa madaktari wengine, daktari mmoja alijitokeza kuwa na vifo vingi hata kumpita Shipman. Alipochunguzwa, ikaonekana anafanya kazi katika mji wa pwani ya kusini wenye nyumba nyingi za kulelea wazee, na kwamba vifo vile vingi vilitokana na huruma yake: aliwasaidia wagonjwa wake kufia kwenye vitanda vyao badala ya kukimbizwa hospitali. Namfikiria sana daktari huyo. Mfumo wenye haraka ya kutuhumu ungemwaibisha mtu bora kuliko wote katika orodha yake. Madaktari wa wagonjwa mahututi nao wameeleza kwamba baada ya Shipman wapo wenzao walioogopa kubeba mofini au kuitoa kwa kipimo cha kutosha, na gharama ya woga huo wanailipa wanaokufa kwa maumivu.

Nikizipima pande hizi mbili, naona wa pili wana haki wanapopinga kutiliwa shaka kila daktari, ila wanakosea wakihitimisha kwamba basi hakuna kilichoweza kufanyika. Haikuhitajika kuusoma moyo wa Shipman. Ilihitajika mtu mmoja asiye yeye aulize, kabla ya kuzika au kuchoma, huyu amekufaje na jamaa zake wanasemaje. Tazama jinsi alivyonaswa hatimaye. Kathleen Grundy, mwanamke wa miaka 81 mwenye siha njema, aliyewahi kushika cheo cha heshima cha umeya Hyde, alikutwa amefariki tarehe 24 Juni 1998. Shipman aliandika kwamba ni uzee. Ikatokea hati ya wosia, imechapwa vibaya kwa taipureta, inayompa daktari mali ya pauni zipatazo 386,000 na kuinyima familia. Binti wa marehemu alikuwa mwanasheria, shughuli za mama yake zilipita mikononi mwake, na alitambua mara moja kwamba hati ile si ya mama yake. Mwili ulikuwa umezikwa, haukuchomwa. Ukafukuliwa mwezi Agosti, na mofini ikakutwa ndani yake. Shipman alidai mama huyo alikuwa mraibu, akaonyesha kumbukumbu za kliniki kuthibitisha, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imetunza saa halisi ambazo maelezo hayo yaliingizwa, nazo zilikuwa baada ya kifo.

Kila kiungo katika mnyororo huo kilikuwa bahati: tamaa ya wosia, binti msomi wa sheria, kaburi badala ya tanuri. Wanawake wengine wa Hyde hawakuwa na mali ya kutamaniwa wala mtoto mwanasheria, na vyeti vyao vilipokelewa kama vilivyo. Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa mauaji 15 na kughushi wosia. Tume ikaja kuhesabu 215, wanawake 171 na wanaume 44, mkubwa kabisa akiwa na miaka 93 na mdogo 41, na ikabaki na shaka nzito juu ya vifo vingine 45. Katika ripoti ya mwisho Jaji Smith alikadiria jumla ya watu wapatao 250 tangu mwaka 1971.

Kinachonikasirisha kuliko kosa la Machi 1998, ambalo lilikuwa la watu wachache wasio na uzoefu wa tuhuma za namna hiyo, ni muda uliopita baadaye. Mwaka 2003 tume ilikuwa imekwishapendekeza utaratibu wa kuthibitisha vifo ubadilishwe kutoka kwenye mizizi. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka madaktari wahakiki wa vifo, watu huru wasiomtibu marehemu, wa kupitia kila kifo kisichokwenda kwa ofisa wa kuchunguza vifo. Utaratibu huo ukawa wa lazima Uingereza na Wales tarehe 9 Septemba 2024. Wanaotetea ucheleweshaji husema ilikuwa lazima kupata fedha, kuwafunza watu na kutowacheleweshea wafiwa mazishi, na hilo la mwisho si dogo, hasa kwa Waislamu na Wayahudi wa nchi hiyo ambao huzika mapema. Nalikubali kama sababu ya miaka michache. Haliwezi kuwa sababu ya zaidi ya miaka 20. Mwaka 2018 jopo huru lilitoa taarifa kuhusu hospitali ya Gosport kusini mwa nchi, likaonyesha kwamba kati ya mwaka 1989 na 2000 maisha ya wagonjwa zaidi ya 450 yalifupishwa kwa dawa za jamii ya mofini zilizotolewa bila sababu ya kitabibu. Huko hapakuwa na Shipman mwingine anayejificha. Palikuwa na mazoea, na wauguzi walioonya tangu mwaka 1991 wakanyamazishwa, na familia zilizodai majibu kwa miongo miwili.

Leo daktari mhakiki, au mtu wa ofisi yake, huwasiliana na wafiwa, huwaeleza kilichoandikwa kuwa sababu ya kifo, na huwauliza kama kuna lolote katika matibabu ya mwisho lililowatia wasiwasi. Ni swali fupi, na madaktari wengi waliolihofia wamegundua kwamba familia nyingi hulijibu kwa shukrani. Katika Hyde walikuwapo watoto waliokuta mama yao, mzima jana yake, ameketi wima kwenye kiti mchana kweupe huku mkono wa nguo umekunjwa, wakaambiwa na daktari waliyempenda kwamba hakuna haja ya uchunguzi wa maiti. Baadhi yao waliona ajabu, wakajilaumu kwa kuona ajabu, na wakayaweka moyoni mpaka polisi walipogonga milango yao.