Menyu Ina Bia Kumi, Friji Haina Hata Moja

Wapenzi wa bia wa Kisumu, hebu tuambizane ukweli. Jumamosi jioni, jua linazama ziwani, upepo wa ufuo wa Dunga umeanza kuvuma, na mfukoni kuna pesa za kuonja bia za viwanda vidogo. Unaingia baa, unafungua menyu. Bia kumi! Ya ngano, nyeusi yenye harufu ya kahawa, chungu iliyojaa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Mate yanakujaa.

"Hii ya ngano?" "Imeisha." "Nyeusi?" "Imeisha." "Hii je?" "Hiyo mpaka Jumanne." Sasa menyu ni ya nini, pambo la meza?

Ukibahatika kupata moja, unaulizwa, "Baridi ama moto?" Moto! Kwa jua hili la Kisumu! Na chupa yenyewe imeshinda dirishani ikianikwa kama omena. Jamani, hopsi na mwanga hazipatani. Bia ikipigwa na jua huanza kunuka kama kicheche, na joto huimalizia ladha. Mtu ameipika kwa wiki kadhaa, mwingine anaiua mchana mmoja. Kwa nini?

Mama wa busaa, ile pombe ya kienyeji, huko Magharibi mwa Kenya hana menyu. Ana unga wa mahindi, kimea cha wimbi na chungu. Imeisha? Anakuambia ungali mlangoni.

Halafu ile spika! Namuuliza weita bia hii imepikwa wapi, ananiletea kachumbari. Nani kati yetu hajaletewa kachumbari? Wenye baa, punguzeni sauti. Futeni zilizoisha kwenye menyu. Na hizo chupa, leo hii, zitoeni dirishani!